Ile Kompyuta Uliyosema Niitupe

Kwa Mzee Shuriye,
S.L.P. 318,
Isiolo.

24 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Sakariye,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi. Kile kikohozi cha mwezi wa nne kimekwisha, au bado unazima sauti ya simu ukikohoa, ukidhani hatuoni mabega yanavyoruka? Unalala saa za kutosha? Mama anauliza kama huko Winnipeg umepata mahali pa kununua nyama isiyo na shaka, na anataka jibu kamili, si lile la "niko sawa, Hooyo" ambalo unatupa kila mara.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Idd ilipita vizuri. Kutoka mashamba ya Rapsu tuliletewa vitunguu na mapapai mpaka jikoni pakakosa pa kukanyaga. Mvua haikutosha, vumbi limerudi mapema, na mbuzi wa mnadani bado wanapita chini ya dirisha letu la sebuleni kana kwamba wana hati ya hiyo njia. Duka langu la spea linaendelea. Madereva bado wanakuja kununua fenibelti moja na kukaa saa mbili.

Binamu yetu Kulmiye anarudi huko Alhamisi, na barua hii anaibeba yeye. Nilitaka abebe na nyirinyiri ya Mama lakini amesema itaishia uwanja wa ndege, na sisi hatukaangi nyama kwa ajili ya maafisa wa forodha.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu nina mambo mawili, moja la kukiri na moja la kukufurahisha, na kwenye simu ungenikatiza kwenye la kwanza kabla sijafika la pili. Kaa chini. Usiruke mistari.

La kukiri ni hili. Mwezi wa kwanza tulipokuambia Baba amepandwa na presha, haikuwa presha peke yake. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kushoto wote ulilala, mkono na mguu, na mdomo ukaenda upande. Alilazwa siku tisa. Wewe ulikuwa na mitihani, na Baba mwenyewe, ulimi ukiwa bado mzito, alituapisha tusikuambie. Ndiyo maana kila ukipiga video ulimwona upande wa kulia tu. Mimi ndiye nilikuwa nasimama na simu pale karibu na mlango, naipimia kwa jicho ili bega la kushoto libaki nje. Ukikasirika, kasirika na mimi. Nisamehe, Sakariye. Kila siku nilipofanya hivyo nilijiona mwizi.

Mguu uliamka mapema. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anatembea na mkongojo hadi msikitini na kurudi. Mdomo ulinyooka, na matusi yake ya upole kwa madereva wasiojua kazi yakarudi nao. Ila mkono ulikataa. Ulikuwa unakaa pajani kama kitu alichoachiwa na mgeni aliyesahau kukirudia.

Janice, yule dada wa mazoezi wa hospitalini anayekaa Burat, alimpa mpira wa kuminya. Baba aliuminya siku mbili, akampa paka. Janice akampa kamba ya kuvuta, Baba akasema yeye si mtoto. Janice hakukasirika. Alinivuta kando akaniambia mkono usipopewa kazi miezi hii ya kwanza utazoea kulala, na kwamba zoezi zuri kuliko yote ni ile kazi mkono wenyewe unayoikumbuka. Akaniuliza Mzee alikuwa akifanya kazi gani kwa mkono huo.

Wewe unajua jibu. Miaka arobaini alikuwa anabadilisha gia. Isiolo hadi Moyale na kurudi, kabla ya lami, wakati ile barabara ilikuwa inakula springi kama njugu. Usukani kulia, gia kushoto. Sasa lori lake analiendesha dereva wetu Wako, na kila Wako akilileta nyumbani Baba alikuwa anageuza kiti asilitazame. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono. Niliogopa kwamba akimaliza kuliogopa lori ataanza kutuogopa sisi.

Basi nikaikumbuka kompyuta yako. Ndiyo, ile uliyosema niwape watu wa vyuma chakavu. Bado iko sebuleni kwenye meza yake, pamoja na ule usukani wako wa michezo, pedali zake mbili na kigia chake, vyote ulivyovipenda kuliko vitabu. Nikafunga usukani mezani, nikakifunga kigia upande wa kushoto, nikaunganisha na TV kubwa, nikawasha ule mchezo wa mbio za magari. Nilijiona mtu wa maana sana.

Baba alikuja kwa kunihurumia. Alikaa, akauliza klachi iko wapi. Nikamwambia hakuna. Akasema gari lisilo na klachi ni la watu wavivu, lakini akashika usukani kwa mkono wa kulia. Kwa kuwa wa kushoto haukuweza, tulikubaliana mimi nikae kushoto kwake niwe tanboi wake, msaidizi wa dereva. Yeye akisema "Mbili!" mimi naweka ya pili. Akisema "Tatu!" naweka ya tatu. Nilimwambia Janice kwamba tungeanza hivyo, kisha siku moja mkono utaona wivu.

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Wewe uliacha mchezo umewekwa juu kabisa kwa kila kitu, kama kawaida yako ya kupenda mapambo: vivuli, nyasi zinazopepea, maji yanayong'aa, maelfu ya mashabiki wenye bendera. Kompyuta ya miaka kumi na miwili haikuweza kubeba. Picha ilikuwa inakwama, inaruka, inakwama tena. Baba anakata kona, gari linakaa kufikiria, halafu linakata wakati kona imekwisha. Likagonga ukuta. Akajaribu tena, likagonga tena. Kichwa kikaanza kumzunguka, uso ukamtoka jasho. Mtu ambaye hajawahi kulaza lori ubavu kwa miaka arobaini, Sakariye, analigonga gari mara sita mbele ya mkewe.

Aliachia usukani akasema taratibu, "Ondoa hii kitu, Hamdia." Akaenda kulala saa nne asubuhi, amegeukia ukuta. Mama akaniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nikivunja vikombe.

Sasa wewe unanijua. Mimi lori likinishinda linanishinda baada ya mapambano. Nilifunga duka mapema nikaenda kwa Akai, yule binti wa Kiturkana aliyefungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya soko. Ana vidole vyembamba na hana muda wa maneno mengi. Alikuja nyumbani, akawasha mchezo, akaweka namba ndogo kwenye kona ya juu ya TV. Akanieleza kwamba ile namba ni idadi ya picha ambazo mashine inaweza kuchora kwa sekunde moja. Jicho likipata picha hamsini au sitini linaona gari linateleza vizuri. Likipata chache linaona kuruka. Yetu ilikuwa inasoma kumi na moja.

Akaniambia hakuna haja ya kulaumu injini kabla ya kupunguza mzigo. Nilimpenda papo hapo. Huyo ni mtu wangu.

Tukaanza kupakua. Vivuli, nje. Nyasi, nje. Maji yasing'ae, yatosheke kuwa maji. Mashabiki wako wote niliwafukuza mmoja mmoja kwa kidole changu, na sikuwahurumia. Akai akapunguza ukali wa picha, na Baba alipopita nyuma akasema yeye haoni tofauti, macho yake yenyewe yana ukungu. Kisha Akai akafungua orodha ya programu zinazoamka zenyewe kompyuta ikiwaka, tukakuta kumi na tatu, nyingine hata hazijulikani zilikuja kufanya nini. Tukazizuia. Akatafuta mtandaoni programu mpya ya kuongoza kadi ya picha, maana ya zamani ilikuwa ya tangu uko shule. Akaongeza memori aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa kibandani kwake, na akaibadilisha ile diski ya zamani iliyokuwa ikikoroma. Hiyo diski haikuongeza namba ile ya konani, lakini sasa kompyuta inawaka kabla sijamaliza kumimina chai. Mwisho akachukua rimoti, akaiweka TV katika hali ya michezo, kwa sababu hata TV ilikuwa inachelewa kuonyesha ilichoambiwa.

Namba ikapanda. Ishirini na nne, thelathini na sita, hamsini na moja. Nilipiga makofi peke yangu.

Kumrudisha Baba kitini kulichukua siku tatu na sahani ya sambusa. Akaketi, akasema atajaribu kona moja tu. Gari likatii. Akajaribu ya pili, likatii. Nikaona bega lake limeshuka, lile la dereva aliyeanza kuamini gari. Dakika kumi za raha tupu. Halafu namba ikaanza kushuka. Arobaini. Ishirini na nane. Kumi na tatu. Gari likaruka, likaenda bondeni, na Baba akatoa mkono kwenye usukani kana kwamba umemchoma.

Akai akaibeba kompyuta hadi kibandani. Ikafanya kazi alasiri nzima bila kushuka hata kidogo. Akairudisha kwetu, dakika kumi na tano, namba ikaanguka. Akaichukua tena, ikawa nzima. Akairudisha, ikaugua. Mara ya tatu aliiweka mezani, akajifuta mikono, akasema, "Mashine iko sawa kabisa, dadangu. Shida iko hapa kwenu."

Niliudhika, sikufichi. Nyumba yetu iwe na shida gani? Nikalaumu umeme. Nikanunua kifaa cha kusawazisha umeme. Nikamlaumu Wako kwa kuchaji simu kwenye soketi ileile. Wakati huo Baba amesema waziwazi kwamba hataki tena, na Janice anahesabu wiki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina macho na sioni. Asubuhi moja dereva alikuja dukani akilalamika lori lake linachemka kila likipanda mlima. Nikatoka kuliangalia. Alikuwa ameziba rejeta na gunia, kama wanavyofanya wakipita Marsabit alfajiri kwenye baridi, akasahau kulitoa hadi huku kwenye jua. Nikamgombeza mbele ya watu. Nikamwambia injini ni kama mtu, ukiifunika pua itakufa, na atoke mbele yangu.

Mchana nikaenda nyumbani kula. Kompyuta, niliyoiacha tangu asubuhi ikijaribiwa, ilikuwa inawaka. Na Mama yuko mbele yake, anaifunika.

Kile kitambaa, Sakariye. Unajua Mama hawezi kuona kitu cha umeme kiko uchi. Friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, TV ina chake cha kushushwa usiku. Cha kompyuta alikifuma wiki ile uliyosafiri, cheupe, ua la kijani pembeni, na katikati jina lako kwa uzi mwekundu. Sisi tulikuwa tunakitoa tukitaka kuwasha, na yeye, kila mbuzi wakipita na vumbi, alikuwa anakuja kimya kimya macho yetu yakiwa kwenye TV, anakirudisha, mpaka chini, kikafunika matundu yote. Na kwenye rafu ya chini, karibu kabisa na pale sanduku la kompyuta linapovutia hewa, alikuwa ameweka dabqaad, chetezo chake cha ubani, uunsi unafuka. Nikaweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa moto kama sufuria.

Mwezi mzima nilikuwa nakaa hatua moja kutoka kwa lile gunia, mimi ninayejifanya fundi wa mji mzima.

Sikujua nitamwambiaje. Nikamkalisha. Nikasema, "Hooyo, hiki kitambaa kinaizuia kupumua. Ndiyo maana inachoka." Aliniangalia, akaangalia kitambaa. Akasema alikuwa anaikinga na vumbi tu, ili uikute kama ulivyoiacha. Halafu akaelewa yaliyobaki peke yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Yaani ni mimi nilikuwa namwangusha baba yenu?"

Nililia, ndugu yangu. Nikamshika mikono nikamwambia yeye hajamwangusha mtu, na kwamba hata mimi mwenye duka la rejeta sikuona. Kisha akainuka, akakivua kile kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akainua kigia, akakitandika chini yake ili kisikwaruze meza. Jina lako likabaki juu, kando ya pale mkono unapokaa. Akasema uunsi hautaacha, usidhani, utahamia chumba cha wageni.

Akai alipokuja kufungua sanduku tulicheka mpaka tukakaa chini. Feni ilikuwa imejaa vumbi la mbuzi lililogandishwa na moshi wa uunsi, limekuwa kama zulia. Akanusa, akasema ametengeneza mashine za baa, za shule na za kinyozi, lakini hajawahi kufungua kompyuta inayonukia arusi. Akaisafisha kwa brashi na pampu, akafuta ile dawa ya zamani iliyokauka kati ya feni na kichwa cha mashine, akapaka mpya, akafunga. Akaisogeza meza mbali na dirisha. Tukauacha mchezo unakimbia saa nzima. Hamsini na mbili. Haikushuka hata moja.

Sasa nakuja kwenye la kukufurahisha, na unisome polepole hapa.

Alhamisi baada ya Idd, baada ya swala ya alasiri, nilimwomba Baba mara moja ya mwisho. Nilimwambia asipopenda, Jumamosi naibeba mwenyewe kwa watu wa vyuma chakavu. Wako alikuwapo, amekuja kuleta ripoti ya safari, akaketi kwenye mkeka na chai yake. Mama alikuwa kwenye kochi na tasbihi. Baba akakaa kitini kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Alichagua barabara ya milimani, ya kokoto, kwa sababu zile za kuzunguka uwanja anasema ni za watu waliopotea. Taa zikawaka kijani, magari kumi na moja yakachomoka, na Baba akatoka wa mwisho kwa adabu. Hivyo ndivyo anavyoendesha. Anawapisha wenzake, hapiti mtu kwenye kona, na daraja anaingia taratibu kama amebeba ng'ombe wa watu. Mchezo unaandika kwa herufi kubwa kwamba ameshika mkia, yeye anasema wale watalipia tairi.

Mimi nikawa tanboi. "Mbili!" Naweka. "Tatu!" Naweka. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Gari linateleza kama maji. Wako akasahau chai. Akaanza kuegemea kila gari likikata kona, halafu akashindwa kujizuia. "Mzee, hapo ungeweka ya mbili." Baba akajibu bila kugeuka kwamba ndiyo sababu sanduku la gia la lori limebadilishwa mara mbili mwaka huu. Sakariye, walibishana! Miezi mitano Baba hajabishana na mtu. Mama alishusha tasbihi ili asikie vizuri.

Dakika ya ishirini mimi nikashikwa na wasiwasi wa sanduku. Nikainuka polepole, nikazunguka nyuma ya meza, nikainama kuweka kiganja nione kama limechemka. Lilikuwa na uvuguvugu tu. Na hapo hapo, mbele, barabara ikaanza kupanda, mwinuko mkali, na sauti ya injini ikaanza kuzama.

"Tatu!" akasema Baba.

Nikasema nakuja. Kichwa changu kilikuwa chini ya meza, kitenge kimenasa kwenye msumari.

"Tatu!"

Halafu nikasikia klak.

Nilidhani ni Wako. Nikainua kichwa. Wako alikuwa kwenye mkeka, mikono miwili imeshika kikombe, amemkodolea Baba macho. Mkono wa Baba wa kushoto ulikuwa juu ya kigia. Haukuwa umepelekwa na wa kulia, maana wa kulia uko kwenye usukani. Ulikwenda wenyewe. Vidole vimekunjana vibaya, kidole gumba kimekaa upande, lakini vimeshika. Na Baba hajui. Macho yako barabarani.

Wako alinitazama akatikisa kichwa kidogo sana, kuniambia nisithubutu kufungua mdomo. Mama alikuwa amesimama, kiganja mdomoni. Mlima ukazidi, injini ikazama tena, na ule mkono ukavuta nyuma. Klak. Ya pili. Gari likapanda kama mbuzi. Akafika juu, akaweka ya tatu, akateremka, akavuka mstari wa mwisho. Wa kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Bila mkwaruzo hata mmoja.

Akapumua. Akasema, "Hamdia, ulikuwa wapi kwenye mlima?"

"Nyuma ya kompyuta, Aabo."

"Sasa nani aliweka gia?"

Akafuata macho yetu yalikoelekea, akauona mkono wake mwenyewe umelala juu ya kigia, na chini yake jina lako jekundu. Aliutazama muda mrefu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni aliyesafiri miaka. Akajaribu kuuinua. Ukainuka kiasi cha kikombe. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha Mama akamshika bega na wote wawili wakawa wanacheka na kulia bila mpangilio. Wako alitoka nje akidai anaangalia tairi. Nilimwona dirishani akijifuta uso kwa kofia yake.

Baba alipopata sauti aliniambia, "Basi wewe kazi imeisha." Sijawahi kufurahi kufukuzwa kazi namna hiyo.

Sitaki kutia chumvi. Janice alikuja Ijumaa, akauona, akampigia makofi, lakini amesema safari bado ni ndefu. Vifungo vya shati bado ni vita, na sukari kwenye kijiko inafika nusu. Kila siku ni dakika thelathini za kuendesha, asubuhi na alasiri, na Baba anafika kitini kabla ya mimi kufungua macho. Jana aliomba Wako alete lori hadi mlangoni. Hakugeuza kiti. Alilikagua kwa nusu saa na akapata makosa saba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usifunge mizigo. Nakujua, hapa umeshaanza kutafuta tiketi. Maliza masomo yako. Baba anasema mtu haachi safari katikati kwa sababu nyumbani kumenukia vizuri. Njoo Desemba kama tulivyopanga, uje ushindane naye. Kama una njia ya kupata kadi ya picha iliyotumika, Akai amekuandikia aina inayoingia kwenye sanduku letu, karatasi iko ndani ya bahasha. Tukiipata nimeahidi kurudisha nyasi. Mashabiki hapana. Na Baba ana ombi lake mwenyewe: utafute pedali ya tatu, anataka klachi.

Mama anakusalimu kwa machozi na vicheko, na anasema atakufumia kitambaa kingine, cha kulalia. Wako anakusalimu, anaomba umwambie Baba ukweli kuhusu ile kona. Akai na Janice wanakusalimu ingawa hawakujui. Nisalimie wenzako wa nyumba, na yule mama wa msikitini anayekupikia wali, Mungu amlipe mema.

Jumapili utapiga video kama kawaida. Safari hii sitasimama mlangoni kupima upande. Utamwona mzima, mabega yote mawili, na simu ataishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Amekuwa akifanya mazoezi na ile yangu. Picha itatetemeka, Sakariye. Usilaumu mtandao.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akufungulie kila mlango na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako akupendaye sana, tanboi aliyeachishwa kazi,

Hamdia Shuriye